Breki Iliyokataa Kuachia

Kwa muda wa wiki mbili gari langu lilikuwa likivuta kuelekea kulia hata kwenye barabara iliyonyooka, nami nikaridhika kwamba ni suala la upepo wa tairi. Siku niliposhuka nikakuta rimu ya mbele ya kulia inatoa joto kali na harufu ya kuungua, ilinibidi nikubali kwamba breki ya gurudumu hilo ilikuwa haiachii baada ya kukanyagwa. Nilinunua kalipa nyingine, yaani kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, nikaifunga, na siku tatu baadaye harufu ikarudi ile ile. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilibadilisha kifaa kabla ya kujua ni nini hasa kilichokuwa kikiishikilia breki.

Katika breki za diski za kawaida, hakuna springi inayoirudisha ndani ya kalipa pistoni, yaani kipande cha mviringo kinachozisukuma pedi. Kazi hiyo hufanywa na mpira unaoizunguka pistoni, ambao hupinda kidogo pedali inapokanyagwa, kisha hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Nguvu hiyo ni hafifu mno, na hushindwa kwa urahisi ama na kutu na uchafu, ama na mafuta ya breki yaliyonaswa yasiweze kurudi.

Kutofautisha mambo hayo mawili si kazi ngumu. Gari likiwa kwenye gia huru, hendibreki imeachiwa na magurudumu yanayobaki chini yamewekewa vizuizi, linyanyue kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kanyaga breki mara kadhaa, achia, kisha zungusha gurudumu kwa mkono; pedi kugusa diski kidogo ni kawaida, lakini gurudumu kukaza si kawaida. Likiwa limekaza, legeza nati ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, kulikuwa na presha iliyonaswa; likibaki gumu, ugonjwa uko kwenye vyuma.

Ugonjwa ukiwa kwenye vyuma, itazame pistoni, ambayo hushika kutu pale mpira wake wa vumbi unapopasuka, pamoja na pini ambazo kalipa hutelezea. Pedi ya ndani iliyolika kuliko ya nje mara nyingi huashiria pini zilizokauka grisi. Kwa magurudumu ya nyuma, mimi huanza na kebo ya hendibreki, kwa kuwa hukwama bila kelele.

Presha ndiyo inayohitaji subira zaidi. Magurudumu kadhaa yakikaza pamoja, shaka huelekea kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa: huenda tundu dogo la kurudishia mafuta limeziba, au fimbo inayosukumwa na pedali haikuachiwa nafasi ya kurudi. Kuna pia janga la kumimina mafuta ya injini kwenye chupa ya mafuta ya breki, maana mafuta ya injini huivimbisha mipira yote ya mfumo. Likikaza gurudumu moja tu, funga nati ya kalipa, kanyaga tena, kisha legeza kiungo cha paipu ya chuma kwenye ncha ya juu ya hosi, yaani bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Gurudumu likilegea, kizuizi kiko juu zaidi. Likiendelea kukaza, hosi imeziba.

Langu liliendelea kukaza. Hosi ile, ambayo kwa nje ilionekana nzima kabisa, niliipasua kwa urefu nikakuta tabaka la ndani limebanduka na kuning'inia kama kilimi: nguvu ya mguu ilikuwa ikiyapitisha mafuta kwenda kwenye kalipa, lakini yalipotaka kurudi kilimi kile kiliufunga mlango. Nilibadilisha hosi za pande zote mbili, kwa sababu zilikuwa na umri mmoja, nikatoa hewa, na baada ya safari ndefu rimu za kushoto na kulia zilikuwa na joto lililolingana. Kalipa ya zamani, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, bado iko kwenye rafu.