Kaa garini, mama

Tangu Jumanne nayageuza haya maneno kama chapati kikaangoni.

Babu, mwanangu, alisahau viatu vyake vya mpira. Nikampelekea shuleni, hapa Houston, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, sare imekunjamana, kilemba kimekaa upande. Nafungua mlango nishuke, huyo anakuja mbio na vijana watatu nyuma yake. Akainama dirishani: "Kaa garini, mama. Nakuja." Akachukua viatu akaondoka. Hakuja.

Angesema "nisubiri" ningenyamaza. Lakini "kaa"! Na amesema kwa Kiswahili. Mtoto mwenyewe mnamjua, ukimwuliza umekula, anakujibu kwa Kiingereza. Miaka 14 nimembembeleza, nimemnunia, kumbe lugha alikuwa anaiweka akiba kwa siku ya kunificha.

Wiki hiyohiyo mume wangu, Baba Mariam, kapata kazi, Bi Mkubwa, bibi yao watoto, kafika Tanga salama, alhamdulillahi, na mimi bado niko kwenye "kaa".

Ijumaa nikafungua Dìdi, filamu ya Sean Wang ya 2024. Familia yenye asili ya Taiwan, Fremont kule California, kiangazi cha 2008. Kijana ana miaka 13. Nyumbani ni Dìdi, yaani mdogo wa kiume. Marafiki wa zamani wanamwita Wang Wang. Kwa wale wapya wa ubao wa magurudumu ni Chris, na anawaambia yeye ni nusu tu Mwasia. Nusu! Na mama yake yupo nyumbani, mzima, anachora picha zake, anasimangwa na mama mkwe, mume yuko Taiwan kikazi. Joan Chen, anayemwigiza mama huyo, hapigi kelele, ule uso unatosha kukukata maini.

Na wangu vilevile. Nyumbani Babu, maana kabeba jina la marehemu baba. Shuleni, Naz.

Naz akapita na bakuli lake, akasimama mlangoni "kidogo tu", akaimaliza filamu akiwa amesimama. Dìdi alipokojolea chupa ya losheni ya dada yake, Mariam aliruka kwenda kunusa ya kwake. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikamwambia Babu yule bibi wa kwenye filamu ni bibi wa kweli wa Sean Wang. Akasema Bi Mkubwa angeigiza vizuri kuliko huyo.

Usiku naosha vyombo, maneno yakarudi. Garini. Hakusema "ndani ya gari", hakusema "kwenye gari". Garini, kama mtu aliyezaliwa Chumbageni, kule Tanga! Mimi sikumfundisha hilo, labda Bi Mkubwa. Na ile "mama" mwishoni, mbele ya wenzake. Nikajikuta nacheka peke yangu, mikono ina povu.

Ila gari lenyewe lina mlio mpya ukikata kona kushoto, kama kijiko kinagonga sufuria. Baba Mariam anasema hasikii kitu. Jumatatu niko zamu, na barabara kuu ya Houston si mahali pa kuharibikiwa saa kumi na mbili jioni.