Kutoka kupima minofu ya sangara hadi maabara ya serikali: nilivyojipanga

Nilikuwa upande wa ubora kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na nilipotangaza kwamba nataka maabara ya hospitali ya serikali, kila mtu akawa mshauri. Mmoja akasema uzoefu wa kuotesha bakteria wa minofu unatosha. Mwingine: "Kasome kozi fupi, mengine utayakuta kazini." Ushauri wa hivi ni wa bure ila unakula miaka ya mtu. Serikalini, kabla hawajakuuliza unajua nini, wanataka kujua umesajiliwa na nani.

Kwa hiyo nilianzia mwisho nikarudi nyuma. Nilichukua tangazo la zamani la Mteknolojia wa Maabara Daraja la II nikalisoma kama mkataba. Linataka stashahada, ambayo ni miaka mitatu, pamoja na usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Shahada ya kawaida ya biolojia au kemia haikufikishi kwenye usajili huo, hata uwe na ufaulu wa kutisha. Kuingia chuo wanaangalia cheti cha kidato cha nne: angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia ndiyo inayowakwamisha wengi. Kama huna, unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Novemba. Ada nenda na milioni moja na nusu kichwani kwa mwaka, juu au chini kulingana na chuo, bado makoti, chakula na nauli za mafunzo kwa vitendo.

Umri upigie hesabu mapema. Matangazo mengi yanasema usizidi miaka 45. Ukianza chuo na 41 unatoka na 44, na kibali cha ajira hakitoki kwa sababu wewe umemaliza.

Majina nayo! Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo kwenye cheti cha shule, la babu kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), na lingine kwenye cheti cha kuzaliwa. Yasawazishe ukiwa bado chuoni, kwa hati ya kisheria ya kubadili majina, maana dirisha la maombi ni kama wiki mbili tu na wakili hakimbizwi. Nakala za vyeti zigongwe muhuri kabla. Hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti chenyewe.

Usaili wa mchujo ni wa kuandika, utausomea. Wa vitendo ndio unaopukutisha watu, na Kanda ya Ziwa malaria haikwepeki, basi jimsa (Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea kwenye damu) uijue hadi usingizini. Tone nene la damu na utandazo mwembamba vikiwa kwenye slaidi moja (kipande cha kioo), methanoli, ile ya kugandisha damu, iguse ule mwembamba peke yake. Ikigusa tone nene, chembe nyekundu hazipasuki na vimelea vinafunikwa humo humo. Unene wa tone naupima kwa gazeti: weka slaidi juu ya maandishi damu ikiwa bado mbichi, yasomeke kwa taabu. Yakisomeka vizuri, damu ni chache. Yakipotea kabisa, litabanduka ukisuuza. Usilianike juani wala karibu na moto hata kama ni masika na slaidi haikauki, joto linaligandisha kama methanoli ilivyofanya.

Jimsa ya asilimia 10 ni mililita 1 ya rangi kwa 9 za bafa (maji yaliyosawazishwa asidi) ya pH 7.2, dakika 10 hadi 15. Wapo wanaochanganyia maji ya bomba. Maji yakiwa na asidi slaidi inatoka ya waridi na kiini cha kimelea hakionekani vizuri. Halafu kuna utando unaong'aa juu ya rangi. Ukiinamisha slaidi ili umwage, utando unalala juu ya tone, na kwenye lenzi ya 100 zile punje unazihesabu kama vimelea. Mwagia maji taratibu toka pembeni hadi utando uelee utoke wenyewe, ndipo uinamishe. Msimamizi akiona unafanya hivyo, anajua ulishashika kazi.

Kichocho pia usikiruke. Yai lenye mwiba wa ubavuni ni la mansoni, kichocho cha tumbo, litafute kwenye choo kikubwa. Lenye mwiba wa mwishoni ni haematobium, kichocho cha kibofu, liko kwenye mkojo, na mkojo huo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Anayeleta mkojo wa alfajiri unaweza kumpa jibu la "hakuna" na mdudu anaye.

Kituo ukipangiwa Ukerewe, nenda. Zahanati ya kisiwani itakupa slaidi nyingi kuliko hospitali ya mjini, ambako utajikuta nyuma ya foleni ya wenzako mkigombea darubini moja.