Tafakari ya Ijumaa: Kona ya vipande

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Jumamosi iliyopita watu wa nyumbani kwangu walikwenda kuvunja jungu ufukweni. Mimi nikabaki Wete kufanya kazi niliyokuwa nikiikimbia tangu Mfunguo Mosi: kuisafisha karakana. Si kubwa, ni banda la bati nyuma ya nyumba, lina meza yenye jiliwa, mashine ya kuchomelea, grenda mbili na keekee. Lakini ilifika hadi nikitaka bisbisi nanunua mpya, maana kuitafuta niliyonayo ni kuipoteza asubuhi nzima. Mke wangu alishanambia, siku nikianguka humo ndani watanitafuta kwa tochi.

Mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza skuli mwaka jana, alibaki kunisaidia. Tulianza chini. Tulichukua sumaku ya spika mbovu, tukaifunga kitambaa cha kanga, tukaiburura sakafuni kila pembe. Ikirudi imeota nywele za chuma, misumari na washa tulizokwishazisahau. Ukikivuta kitambaa, vyote vinaanguka ndoani. Kijana akaona raha kama mtoto anayevua dagaa.

Tupa zangu zilikuwa zimerundikwa ndoo moja, na ndivyo nilivyoziua mwenyewe. Tupa ina meno magumu, lakini zikigongana zenyewe kwa zenyewe zinalana meno. Mbili zilikuwa hazikwaruzi tena. Zilizobaki tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka chaki, kila moja ikatundikwa peke yake. Jiliwa nayo ilikuwa nyekundu. Kwetu hapa chuma hakisubiri mvua, upepo wa bahari wenye chumvi unatosha, na vumbi la grenda likilala juu yake likapata umande, kwa siku mbili tu kutu imeshaingia. Tukaipiga msasa, tukaipaka mafuta.

Mpaka hapo moyo wangu ulikuwa mweupe. Kisha tukafika kona ya vipande.

Fundi wa chuma yeyote anaijua kona hiyo. Vipande vya bomba la mraba, vya nondo, vya flatibaa, vyengine shubiri, vyengine dhiraa, vichache virefu kuliko mita. Kijana akauliza, bila ubaya wowote: "Ami, hivi vya nani?"

"Vyangu."

"Ulivinunua?"

Sikuvinunua. Kazi yetu inakwenda hivi: fundi anapima, anamwandikia mteja idadi, mteja ndiye anayenunua chuma dukani. Bomba linauzwa zima, mita 6, hukatiwi nusu. Kazi ikila mabomba sita na kidogo, unaandika saba, na hapo huna kosa. Kosa linakuja mwisho. Mteja anachukua geti lake, anashukuru, haulizi kilichobaki, nawe humkumbushi. Kipande kinaegemezwa kona. Baada ya mwezi kimekuwa mguu wa meza ya mtu mwengine, na huyo umemtoza bei ya chuma. Zipo siku pia, Allah anisamehe, ambazo hesabu ilisema sita nami nikaandika saba, nikajiambia ni tahadhari. Vyote mimi nikiviita makombo. Washoni nao wana vitambaa vyao, lakini hapa najisema mimi.

Usiku ule nikaisoma Suratul Mutaffifin. Tangu chuoni naipenda aya yake ya 14 kwa kuwa inataja kitu cha kazi yangu: nyoyo zao zimeingia kutu kwa waliyokuwa wakiyachuma. Sisi chuma ni cha karakana, na kuchuma ni kwa mali na ni kwa karafuu, na sikio langu lilikuwa likiufurahia mchezo huo wa maneno kisha likapita. Nilichokiruka ni mwanzo wa sura, ole kwa wanaopunja: wakijipimia kwa watu hutimiza, wakiwapimia watu hupunguza. Kutu ile imetajwa ndani ya sura ya vipimo. (Wapemba wenzangu wenye mikarafuu wanajua pishi inavyojazwa pale anapolipwa mchumaji. Sitasema zaidi.) Najua aya ya 14 inawasema wanaoikadhibisha Siku ya Malipo. Lakini rudini aya ya 4 mwone swali wanaloulizwa wapunjaji: hawadhani kama watafufuliwa? Nilipokuwa nikiandika saba mahali pa sita, siku hiyo nilikuwa nimeiweka wapi?

Katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Tirmidhi, Mtume, rehma na amani zimshukie, ametueleza kutu hiyo: mja akikosa hutiwa doa jeusi moyoni, akiacha na kutubu moyo hung'arishwa, akirudia doa huongezeka mpaka likautanda moyo wote. Kung'arisha huko kwa Kiarabu ni neno litumiwalo kwa panga, na mwenye kung'arisha panga anajua kwamba mkono lazima uume.

Jengine lilinipata asubuhi, mlangoni pa karakana. Juu yake nimeandika kwa rangi, miaka sasa, maneno ya Suratul Hadid aya ya 25: tumeteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Aya hiyo haianzii hapo. Kabla ya chuma inataja Kitabu na mizani, ili watu wasimamie uadilifu. Ile nusu ya mwanzo sikuiandika. Wakati ule nilisema ubao ni mfupi.

Tukavipanga vipande chini, mimi nikikumbuka, kijana akiandika majina kwa chaki. Vilikuwa 34, na 11 nilijua ni vya nani. Nikamuuliza imamu wetu juu ya vilivyobaki. Akanambia nijitahidi kuwatafuta wenyewe, nikishindwa nivitoe sadaka kwa niaba yao, na akitokea mwenyewe siku moja achague, thawabu au thamani ya mali yake. Vile nilivyokwishaviuza ndivyo vinavyoniweka macho mpaka leo.

Nilianza na mzee mmoja wa mtaani kwetu niliyemtengenezea geti miaka miwili nyuma. Kipande chake kilikuwa mita moja na nusu. Nikakifunga kwenye baskeli.

"Kaa kitako, fundi," akasema, akaniletea kahawa. Nikamueleza yote. Hakusema kitu. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Hati yangu mwenyewe: mabomba saba. Chini yake, kwa kalamu nyengine, alikuwa amelipima geti nondo kwa nondo na kujumlisha.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Tunasali safu moja. Kila Ijumaa ukinipa mkono nikisema moyoni, leo atanambia."

Kisha akakishika kile kipande, akakipima kwa shubiri.