Mtoto aliposema koki inamuuma

Mimi nyumbani kwangu vitu vingi narekebisha mwenyewe. Koki ikianza kudondosha nafunga geti valvu, nafungua na spana, natoa washa iliyolika naweka mpya, kama imebidi niing'oe yote ukutani nazungushia tredi tepu vizuri narudishia. Boya la simtank likifa maji yakamwagika usiku kucha nabadilisha mwenyewe, kitasa, bawaba, sinki kuziba, hivyo vyote sijamwita mtu miaka mingi. Nilijifunza kwa marehemu baba, yeye akitengeneza kitu mimi ndo nashika tochi.

Sasa mwaka jana mwezi wa sita, kile kipindi hata Dar asubuhi maji yanakuwa ya baridi, mwanangu wa miaka 7 katoka bafuni ananiambia mama koki inaniuma. Nikadhani ya moto. Nikaenda nikaigusa, miguu ina maji sina hata ndala, nikasikia vidole vinasisimka kama sisimizi wanatembea, nikauvuta mkono haraka. Nikaenda moja kwa moja kuzima meni swichi, nikawaambia watu wote bafuni haingii mtu.

Ile shawa ya umeme ya maji ya moto tuliifunga kwa ajili ya mama, miguu inamsumbua na maji ya baridi hayawezi. Aliifunga kijana mmoja tuliyeletewa na jirani, kazi ya nusu saa, maji yakatoka ya moto tukashukuru. Karibu mwaka mzima tumeoga hapo, mama, mtoto, wageni.

Nikafungua mfuniko nione. Shawa yenyewe imeandikwa wati 5500, ukigawa kwa volti 230 ni kama amp 24, halafu waya uliokuja pale ni wa 1.5, ule mwembamba wa taa usioweza mzigo huo, umeungiwa dari ukasokotwa na kupigwa tepu tu. Na ule wa kijani na njano, wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa ukakunjwa nyuma, haujafungwa popote! Kiukweli nilikaa chini.

Na nilitamani kufanya mwenyewe, maana soketi nimeshawahi kubadilisha. Ila nikakumbuka kwamba ile shawa mbovu ilikuwa inafanya kazi. Hapo ndo nimeanza kuona tofauti. Koki nikikosea naona palepale, maji yanadondoka nakaza tena, mambo yanaisha. Kwenye umeme unaweza kukosea, taa ikawaka na maji yakachemka na kila mtu akafurahi, huku kosa limekaa kimya ukutani linasubiri siku kitu kiungue ndani ya shawa, na anayekuja kulipa ni mtoto mwenye miguu imelowa. Kwa hiyo siku hizi sijiulizi kama kazi ni ngumu, najiuliza nikikosea nitajuaje? Kama jibu ni kwamba nitajua mtu akishaumia, naita fundi.

Ukitumia swali hilo vitu vinajigawa vyenyewe. Regyuleta na mpira wa mtungi wa gesi nabadilisha mwenyewe, napaka povu la sabuni kwenye maungio, kama inavuja povu linafanya mapovu naliona. Ila shimo la choo siingii na simruhusu mtu wa kwangu aingie hata kuokota kitu kilichodondoka, hewa ya mle ndani inaua na mwingine anayemfuata kumwokoa anabaki hukohuko. Ufa mwembamba wa plasta naziba, ufa unaopanda kwenye nguzo au linta sipaki rangi juu yake, namwita anayejua jengo. Mita ya LUKU hiyo wala si ya kujadili, ni mali ya TANESCO na ina sili yao, hata fundi wako asiifungue.

Fundi nilimpata kwa kuuliza, na kabla hajaja nilimwomba nione leseni yake ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia mambo ya nishati na maji. Alinionyesha bila kununa, mwingine ukimuuliza anakuambia dada huniamini, basi huyo mwache. Akaja na kifaa cha kupima ethi, akakuta hata ule waya tungeuunganisha usingesaidia kitu maana fito la shaba lililochimbiwa nje halikufika chini vya kutosha, liko kwenye mchanga mkavu tu. Hilo mimi nisingelijua kabisa, testa yangu isingeniambia.

Akachimbia jingine, akavuta waya mnene wa 6 peke yake kutoka kwenye meni swichi mpaka kwenye shawa, breka yake ya amp 32, swichi ya kukata waya zote mbili ikakaa nje ya bafu, na akaweka breka ile ya milliamp 30 inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Ina kitufe cha kujaribia, akaniambia mama bonyeza, nikabonyeza, tap, umeme ukakata. Kila mwezi nabonyeza. Vifaa nilienda nae dukani nikalipa mwenyewe nikabaki na risiti, ufundi akachukua 60,000, na sikumwomba apunguze.

Mama anaoga maji yake ya moto. Mtoto bado akiingia bafuni anaigusa koki kwanza na ncha ya kidole kimoja, anasubiri kidogo, ndo anafungua.