Siku moja na boksi la barafu

Saa 12 asubuhi nilikuwa kwa mama muuza juisi nikinunua barafu. Chupa 10 zilizochemshwa jana, pamba, spiriti, kiberiti, bodaboda, safari. Napima maji ya kunywa vijijini huku Arumeru, chini ya Mlima Meru. Wakiniona na boksi, wengine hufunga mageti. "Bwana afya kaja na faini!" Sijawahi kutoza mtu faini.

Hadi saa 4 nilishamaliza mabomba sita ya jumuiya ya watumia maji. Mawili tu yalikuwa na klorini, dawa ya kuua vijidudu: kidonge cha kupimia kikayeyuka, maji yakageuka waridi. Manne yalibaki vilevile.

Kisha kwa mzee mwenye kisima. Majirani wote wanachota kwake, shilingi 50 ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Maji yangu hayana shida."

Nikaulizia choo. Kiko mbali, akasema. Nikapima kwa miguu: hatua 13, tena upande wa juu wa mteremko, wakati tunataka angalau mita 30. Akadai hatua zangu ni za kuku. Akapima mwenyewe. Zikawa 11.

Akanyamaza kidogo, kisha akachota kikombe, akakigugumia chote mbele yangu. "Nina miaka 72. Nimekufa?" Akacheka, nikayaona meno: kahawia, yenye mabaka. Floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi. Kipimo cha mkononi kilisoma 5, na mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita. Nikaeleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiendi popote. Nikaeleza tena. Nusu saa jua likinichoma utosi, hadi mkewe akasema, "Kama mchuzi. Ukikauka, chumvi inazidi." Ndiyo hiyo, mama.

Kurudi, pancha. Sampuli za vijidudu natakiwa kuzifikisha maabara zikiwa baridi, ndani ya saa sita tangu kuchota, na barafu ilishakuwa maji. Nikakaa kivulini nimelikumbatia boksi kama mtoto mgonjwa. Sikumbuki nilikula saa ngapi, au kama nilikula.

Giza limeshaingia ndiyo namaliza kuchuja na kuziweka kwenye joto la nyuzi 44. Simu ikaita. Mzee.

"Majibu?"

"Bado, lazima yalale. Kwa sasa chemsheni."

"Na ile ya meno?"

"Watoto wakingieni maji ya mvua."

"Mwanangu, Agosti hii mvua iko wapi?"