Jinsi nilivyoiona mistari ya diski ya Blu-ray kwa vijitufe vya kioo

Hadubini yangu, yenye lenzi ya uwazi wa kinamba (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga na kutenganisha vitu vidogo) wa 0.80, haikuweza kutenganisha mistari ya diski ya Blu-ray niliyoibandua utando, kwa kuwa mistari hiyo huachana kwa nanomita 320 tu. Kuongeza mwanga na kubadilisha kamera hakukusaidia. Hatimaye nilidondosha juu ya diski vijitufe vya silika (kioo) vya mikromita 5, ambavyo hufanya kazi kama lenzi ndogo za kukuzia, vilivyochanganywa na alkoholi, nikaiacha ikauke polepole ili viguse diski. Bado sikuona kitu, mpaka nilipoishusha lenzi taratibu hadi uso wa diski ukafifia, maana taswira inayokuzwa na kijitufe ni ya kidhahania (kama ile ionekanayo ndani ya kioo cha kukuzia) na hujitokeza chini ya uso huo. Hapo mistari ikatengana waziwazi, ingawa katikati ya kijitufe pekee.