Kumlilia Charlotte Temple

Nimemaliza kuisoma tena Charlotte Temple, riwaya ya Susanna Rowson iliyotoka London mwaka 1791 na kuchapishwa Philadelphia mwaka 1794, na bado ninabishana nayo. Charlotte, msichana wa miaka 15 anayesoma shule ya bweni Uingereza, anarubuniwa na afisa wa jeshi aitwaye Montraville, anavushwa bahari hadi Marekani, na huko New York anatelekezwa akiwa mjamzito, mpaka anajifungua na kufariki dunia.

Ukurasa unaonikamata ni ule wa barua ya Montraville. Charlotte anajua kwamba hapaswi kuisoma, lakini kibandiko chake hakijakauka, maana yake barua yaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Na mwalimu wake La Rue, ambaye ndiye aliyepaswa kumkanya, ndiye anayemchochea. Hapo Rowson anakatiza hadithi na kuwageukia wasichana wanaosoma, akiwasihi wasiisikilize sauti ya mapenzi ambayo wazazi hawajaibariki. Wosia huo, kwa maoni yangu, umechelewa, kwa kuwa msomaji naye anataka barua ifunguliwe.

Waandishi wa riwaya za machozi kama hii walidai kwamba msomaji anayewalilia wahusika kwa huruma atajirekebisha. William Hill Brown aliitabaruku The Power of Sympathy ya mwaka 1789 kwa wasichana wa Marekani kwa hoja hiyohiyo, ingawa mahubiri yake yananichosha. Hannah Webster Foster ananishawishi zaidi. The Coquette yake ya mwaka 1797 inatokana na kisa cha Elizabeth Whitman, aliyefia katika nyumba ya wageni huko Danvers, Massachusetts, mwaka 1788 baada ya kuzaa mtoto mfu, na ambaye magazeti yalidai kuwa aliponzwa na kusoma riwaya. Foster anampa mhusika wake, Eliza, barua za kujieleza mwenyewe, na kila ninapozisoma hasira yangu inawaangukia majirani wanaomhukumu.

Huruma, basi, haikuwatii wahubiri wake. Katika uwanja wa Kanisa la Trinity, New York, kuna jiwe lenye jina la Charlotte Temple, ambapo wasomaji wa karne ya 19 walikwenda kuomboleza na kuacha maua, na sidhani walikwenda kumlaani mkosaji. Rowson mwenyewe alifungua shule ya wasichana Boston mwaka 1797 na baadaye akaandika vitabu vya jiografia. Yaelekea hakutaka wanafunzi wake wategemee machozi peke yake.